Treni ya rafuni: kujenga reli ndogo nyumbani na kuifungia nyaya

Wengi wanaoanza treni za modeli hukimbilia meza kubwa yenye duara la reli. Treni inazunguka, inazunguka, na kabla mwezi haujaisha meza imeshakuwa mahali pa kuwekea nguo zinazosubiri pasi. Rafu ni habari nyingine kabisa. Ubao mwembamba wa sentimita 30 ukutani haumzuii mtu kupita, haudai chumba chake, na ukiwa na mpangilio mzuri wa reli unakupa kazi ya kuumiza kichwa jioni nzima.

Hapa nitaeleza rafu moja tu ya aina hiyo, kuanzia mbao hadi behewa la kwanza kusogea: pointi mbili (zile njia panda za reli zinazoipeleka treni huku au kule), njia tatu za kuegesha, kichwa kimoja cha treni. Nitakaa zaidi kwenye umeme, maana huko ndiko reli nyingi za nyumbani zinakokufa. Nyumba ya karatasi ikikaa vibaya unaibandua. Lakini kichwa kinachokwama kila sentimita 20 mpaka ukisukume kwa kidole kinachosha, na siku moja unazima swichi usiiwashe tena.

Tano, tatu, tatu

Mpangilio wenyewe unaitwa Inglenook Sidings, na aliyeubuni ni Mwingereza Alan Wright. Reli moja inagawanywa na pointi mbili kuwa njia tatu zilizozibwa mwisho. Njia moja inameza mabehewa 5, zile mbili mabehewa 3 kila moja. Upande wa pili wa pointi kuna mkia wa reli unaotosha kichwa na mabehewa 3, basi.

Mabehewa yote ni 8, na kila moja lina karata yake yenye namba. Unachanganya karata, unachota 5, kisha unayapanga mabehewa hayo kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule wa karata, bila kuinua chochote kwa mkono. Piga hesabu: 8×7×6×5×4 ni 6,720. Hayo ni mafumbo 6,720 kwenye ubao mmoja.

Kinachoupa mchezo ladha ni ufinyu wa ule mkia. Anayekusaidia kupima atakwambia, "Tuurefushe kidogo, si nafasi ipo?" Mkatalie. Mkia ukitosha mabehewa 4 fumbo linalegea, na njia fupi zikitosha 4 linakufa kabisa. Ukiwa na ukuta mrefu, ziada iache upande wa mandhari.

Skeli ipi?

Kwa anayeanza napendekeza HO, yaani 1:87 (modeli ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi), inayotembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5. Vifaa vyake ndivyo vingi zaidi duniani, na kwa msomaji wa Kenya au Tanzania kuna utamu wake: SGR ina upana wa milimita 1,435, na 1,435 ukigawa kwa 87 unapata karibu 16.5. Modeli za OO za Uingereza ni kubwa kidogo, 1:76, ila zinapita kwenye reli hiyohiyo. N ni 1:160 kwa reli ya milimita 9; inafaa chumba cha kupanga kilichobana sana, lakini kwa mikono inayojifunza kulehemu ni ndogo mno.

Wapenzi wa reli ya kale ya mita moja, ile ya Mombasa hadi Kisumu au Dar hadi Kigoma, wana shida yao. Milimita 1,000 kwa 1:87 ni 11.5, reli ya TAZARA, yenye 1,067, ni 12.3. Geji, yaani upana wa reli, ya milimita 12 iko katikati ya hizo mbili na inatengenezwa, ila vichwa vyake vingi ni vya treni za milimani za Uswisi. Ni kazi nzuri ya baadaye. Kwa rafu ya kwanza nunua 16.5 ujifunze.

Urefu wa rafu unatokana na mabehewa utakayonunua, kwa hiyo pima mabehewa kwanza, rafu baadaye. Behewa dogo la OO la magurudumu manne lina kama sentimita 9 pamoja na ndoano zake. Behewa la Kimarekani la futi 40 katika HO lina kama sentimita 15 na nusu. Pointi ya ukubwa wa kati ya kampuni ya Peco ina sentimita 22. Kwa mabehewa madogo na kichwa kifupi cha sentimita 13, mkia ni 13 jumlisha 27, sawa na 40. Pointi mbili ni 44. Njia fupi ni 27. Ongeza sentimita 15 za vizuizi vya mwisho wa njia na nafasi ya kupishana, unafika mita 1.26. Kwa mabehewa makubwa hesabu hiyohiyo inakufikisha karibu na mita 1.65. Njia ya mabehewa 5 haiongezi kitu, kwa sababu inatoka kwenye pointi ya kwanza na kutembea sambamba na zile nyingine.

Ubao na ukuta

Shiti ya plaiwudi ni futi 8 kwa 4. Ukiipasua kwa urefu mara tatu unapata vipande vinne vya karibu sentimita 30 kila kimoja, kwa hiyo shiti moja inatosha rafu yako na za marafiki watatu. Chukua ya milimita 12. Ukiwa Pwani, chagua ile isiyoogopa maji, au paka rangi pande zote mbili na kingo zake kabla ya kufunga chochote: unyevu ukipanda na kushuka, ubao mkavu unajikunja na reli inajikunja nao.

Chini ya plaiwudi funga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, zimesimama kwa upana, mbili za urefu na vipingamizi kila sentimita 40. Kabla hujapiga skrubu, toboa kila kipingamizi tundu mbili za milimita 12. Humo ndimo nyaya zitapita. Ukisubiri rafu iwe ukutani ndipo utoboe, utatoboa ukiwa umelala chali na vumbi la mbao machoni.

Ukutani tumia breketi za chuma kila sentimita 60, na rolplagi kwenye bloku au tofali. Ukuta wa udongo au wa mabati usiuamini. Simamisha miguu ya mbao kutoka sakafuni. Urefu wa kifua cha mtu aliyesimama ndio mzuri kwa kuchezea, maana unaona treni kwa ubavu na bado mkono unafika njia ya nyuma. Pimamaji litumike kwa urefu na kwa upana. Mabehewa ya siku hizi yanateleza vizuri mno, na mteremko usiouona kwa jicho unatosha kuyaondoa yenyewe kwenye njia uliyoyaegesha.

Usifunge rafu ukutani kwa moja kwa moja bado. Igeuze mezani kwanza, maana nusu ya kazi iliyobaki iko tumboni mwake.

Kulaza reli

Anza na karatasi. Peco hutoa michoro ya pointi zake kwa ukubwa halisi. Ichapishe bila kuipunguza, ikate, uilaze ubaoni. Kati ya katikati ya reli moja na katikati ya reli jirani acha sentimita 5. Kisha simamisha mabehewa mawili bega kwa bega pale njia zinapokutana, uyasogeze kuelekea pointi hadi yakaribie kugusana. Hapo piga alama: nafasi ya kuegesha inahesabiwa kutoka alama hiyo, si kutoka mwisho wa pointi. Wengi hupoteza behewa zima hapa.

Chini ya reli weka kitu laini cha milimita 3 kupunguza kelele. Koki, ile ya vizibo vya chupa, ndiyo wanayotumia wengi Ulaya. Karatasi ya foamu ya soli wanayouza kwa mafundi viatu inafanya kazi hiyohiyo. Ibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ilalie vitabu usiku kucha.

Pointi hulazwa kwanza, reli za kawaida zinazifuata. Reli ya kukunja inauzwa kwa vipande vya milimita 914, na kukata kwake ni kwa msumeno wa meno madogo au koleo la reli, kisha faili. Usiache ncha yenye makapi, itakwangua kila gurudumu linalopita. Kwenye maungio acha upenyo wa nusu milimita, kwa sababu chuma kinatanuka na joto na ubao unacheza na unyevu. Gundi isifike kabisa chini ya ulimi wa pointi, ile sehemu inayocheza. Tone moja likipanda pale umeharibu kifaa cha gharama kuliko vyote ubaoni baada ya kichwa.

Ukimaliza, sukuma behewa moja kwa kidole taratibu kwenye kila njia, kwenda na kurudi. Sikiliza zaidi ya kutazama. Pale linapogonga, piga faili sasa hivi.

Umeme: kila kipande na waya wake

Mota ya treni ni ya DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja. Magurudumu ya kushoto yanachota kutoka reli moja, ya kulia kutoka reli nyingine; ukibadilisha chanya na hasi treni inarudi nyuma, ukiongeza volti inaongeza mwendo. Mwisho wake ni volti 12. Sayansi ni hiyo tu, na ndiyo maana watu huidharau.

Shida inaanzia kwenye viunganishi, vile vijibati vidogo vinavyoshika reli mbili pamoja. Siku ya kwanza vinapitisha umeme vizuri. Baadaye hewa ya chumvi, vumbi na rangi vinaingia, vinalegea, na treni inaanza kupungua mwendo kila inapovuka ungio. Kwa hiyo shika kanuni moja: kiunganishi kazi yake ni kunyoosha reli tu. Umeme kila kipande kiupate kwa waya wake chenyewe.

Kwenye rafu yetu kuna mkia, pointi mbili na njia tatu. Ni vipande 6, kila kimoja na nyaya 2, jumla 12. Si kazi ya kutisha.

Kwanza tandaza nyaya mbili za uti wa mgongo chini ya ubao, kutoka mwisho hadi mwisho, ukizipitisha kwenye zile tundu ulizotoboa. Waya wa kawaida wa taa za nyumba, milimita za mraba 1.5, unatosha na kubaki. Mmoja uwe mwekundu, mwingine mweusi. Amua sasa na uandike kwa kalamu kwenye fremu: nyekundu ni reli ya nyuma, nyeusi ni reli ya mbele. Ukiwa chini ya ubao, nyuma na mbele vinageuka kichwani, na huko ndiko shoti nyingi zinakozaliwa.

Kisha nyaya ndogo za kupanda. Nyuzi za kebo ya intaneti zinafaa mradi zisizidi sentimita 15. Zaidi ya hapo tumia waya wa spika wa nusu milimita ya mraba. Toboa tundu la milimita 2 pembeni mwa reli, upande wa nje ambako ukingo wa gurudumu haupiti. Menya waya milimita 5, ukunje ncha iwe na umbo la L, uulalie mguu wa reli.

Kulehemu kunahitaji pasi ya wati 40 na risasi laini yenye dawa ndani. Kwangua reli kwa faili mpaka ing'ae, kwa sababu risasi haishiki uchafu. Weka vitambaa vidogo vilivyolowa maji pande zote mbili za sehemu unayochomea, ili joto lisiyeyushe mataruma ya plastiki. Ipake reli risasi kidogo, upake na waya, kisha vikutanishe na uguse kwa pasi sekunde mbili au tatu. Risasi iliyoshika inang'aa na kutandaa; iliyokaa kama shanga juu ya reli haijashika, irudie. Ukiwa na subira zaidi, lehemu nyaya chini ya reli kabla hujailaza, na hakuna atakayeziona. Fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula: risasi nyingi za dukani bado ni risasi kweli.

Chini, waya mdogo unaungwa kwenye uti wa mgongo kwa konekta za skrubu au kwa kuumenya uti pale kati bila kuukata na kulehemu juu yake. Kwa rafu naona bora konekta. Siku kukiwa na kasoro unalegeza skrubu moja badala ya kukata waya.

Sasa jambo ambalo sitaki uliruke. Kila ukiunga waya mmoja, chukua mita ya kupimia umeme, iweke kwenye mlio, gusa reli zote mbili. Ikikaa kimya, endelea. Ikilia, kasoro ni ile uliyoiunga dakika hii, huna haja ya kutafuta kwingine. Anayeunga nyaya zote 12 ndipo apime anajitafutia kazi ya nusu siku. Toa kichwa relini wakati wa kupima, maana mota yenyewe inaweza kuifanya mita ilie.

Pointi na ule mkato wa V

Katikati ya pointi reli mbili zinakutana na kufanya umbo la V. Ziko pointi ambazo V yake ni plastiki. Hizo hazina shida ya nyaya, lakini kichwa kifupi kinachotembea polepole kinaweza kusimama juu yake, na mchezo wetu wote ni wa mwendo wa polepole. Ziko zenye V ya chuma. Hizo ndizo nazipenda, ila zinadai mambo mawili.

La kwanza: reli mbili zinazotoka kwenye V zikatwe umeme kwa viunganishi vya plastiki. Bila hivyo, nyekundu na nyeusi zitakutana na kila kitu kitazima. La pili: V yenyewe ipewe umeme kwa swichi, ibadilike pamoja na ulimi.

Njia ya bei nafuu ni swichi ya kuteleza ya miguu sita, zile ndogo za redio. Ifunge chini ya ubao, ikitazama chini, usawa wa ulimi wa pointi. Toboa kidude chake cha kusukumia, upitishe waya mgumu wa chuma wa milimita 1 unaopanda kupitia tundu pana ubaoni hadi kwenye kitundu cha ulimi. Kwenye kidude hichohicho funga spoku ya baiskeli inayotokeza mbele ya rafu. Mwishoni bandika kishikio cha mbao. Ukivuta spoku, swichi inateleza, waya unavuta ulimi, na umeme wa V unabadilika, vyote kwa mkono mmoja na bila mota ya pointi. Ikiwa pointi ina springi yake na unaona vinashindana nguvu, itoe springi. Swichi inatosha kuushika ulimi.

Nyaya za swichi hiyo ni tatu, upande mmoja tu wa miguu sita. Mguu wa kati unaenda kwenye V. Mguu wa kwanza unaenda kwenye uti mwekundu, wa tatu kwenye mweusi. Treni ikizima pale tu inapokanyaga V, umepishanisha; badilisha hizo mbili za pembeni. Miguu mitatu iliyobaki iache, itakufaa siku ukitaka taa ya ishara.

Peco wanazo pia pointi za Unifrog, ambazo V yake ni kipande kidogo cha chuma kilichotengwa tangu kiwandani. Zinafanya kazi bila waya wa V, na unaweza kuuongeza baadaye. Ukizipata, nunua hizo.

Chanzo cha umeme

Umeme wa ukutani, volti 230 au 240, usifike kwenye ubao kabisa. Unaishia kwenye adapta, na chini ya rafu kuna volti 12 tu. Ukinunua seti iliyotumika kutoka Marekani, soma kibandiko cha transfoma yake kabla ya kuichomeka: nyingi ni za volti 120 na zitaungua hapohapo. Chukua reli na treni, transfoma iache.

Adapta ya kamera za CCTV, volti 12 DC ampea 2, inapatikana Kariakoo jijini Dar, Luthuli Avenue jijini Nairobi na kila mji wenye duka la vifaa vya elektroniki. Baada yake unafunga kidhibiti mwendo. Kile kibao kidogo cha elektroniki cha kuongoza mota ya DC kwa kitufe cha kuzungusha kinatosha. Chagua chenye swichi ya kwenda mbele na kurudi nyuma na yenye kituo cha kati cha kuzima. Kama hakina, swichi ya miguu sita inafanya kazi hiyo: umeme unaingia miguu miwili ya kati, unatokea miwili ya mwisho kwenda uti wa mgongo, na miwili ya upande mwingine inaungwa na hiyo kwa kukata msalaba. Simamisha treni kabla ya kugeuza. Vichwa vyenye mota ndogo zisizo na chuma ndani havipendi vidhibiti hivi vinapokatakata umeme kwa kasi ndogo. Mota ikipata joto haraka au kulia kama mbu, tafuta kidhibiti kilichotengenezwa kwa treni.

Kati ya kidhibiti na reli, kwenye waya mwekundu, pitisha balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10. Treni ikitembea kawaida balbu haiwaki au inawaka kwa mbali sana. Behewa likianguka na kugusanisha reli, balbu inawaka wazi na kuzuia umeme usizidi kiasi cha ampea 0.8. Kidhibiti kinapona, mota inapona, na wewe unajua kwa jicho kuwa kuna shoti. Kwa shilingi chache sijaona kinga nzuri kuliko hiyo. Balbu ikiwaka, angalia kwanza pointi imeelekea wapi. Mara nyingi kichwa kimeingia kwenye pointi iliyofungwa upande mwingine.

Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya UPS, ile ya ampea-saa 7, inaendesha rafu hii jioni kadhaa. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na mguu wake wa chanya. Adapta ikishikwa na shoti inajizima. Betri haijizimi; inachoma waya.

Vipi kuhusu mfumo wa kidijitali, DCC? Unakipa kila kichwa namba yake na kukiendesha peke yake, na nyaya ulizotandaza zinafaa vilevile, ila ile balbu uitoe, maana kituo cha DCC kina kinga yake. Lakini kwa kichwa kimoja kwenye njia tatu ni gharama isiyo na sababu. Ukihamia huko, ng'oa kabisa kidhibiti cha zamani. Viwili hivyo visiunganishwe na reli moja kwa wakati mmoja.

Kama unataka kichwa cha pili kisubiri pembeni kwenye DC, kata reli moja tu, urefu wa kichwa kutoka kwenye kizuizi, weka kiunganishi cha plastiki, na ulishe kile kipande cha mwisho kupitia swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Ukizima, kinalala, cha kwanza kinaendelea na kazi.

Udongo, mawe na mizigo

Kwa kuwa nyaya ziko tayari na zimepimwa, sasa funga rafu ukutani, kisha pamba unavyotaka. Nitasema machache. Udongo mwekundu wa nyumbani, ukichekechwa kwenye chujio la chai na kukaushwa kikaangoni, hauna rangi ya dukani inayoufikia. Ila kabla ya kuumwaga pitisha sumaku juu yake mara kadhaa: una chembe za chuma, na mota ya treni ina sumaku inayozinyonya. Mchanga wa baharini usiutumie, chumvi yake itakula reli na risasi. Kokoto za kati ya mataruma zimwage kavu, zipange kwa brashi, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kwenye ulimi wa pointi, kokoto chache na gundi hakuna.

Anayejenga stesheni ya kale ya Tanga au Moshi ayapake mataruma rangi ya kutu; reli zetu za zamani zililazwa kwa sehemu kubwa juu ya mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa walikula ya mbao. Marobota ya katani ya kupakia yanatoka kwenye kamba ya mkonge: ikate vipande vya sentimita 1, vifunge kwa uzi, umepata shehena halisi.

Kuendesha

Kuachanisha mabehewa yenye ndoano za mtindo wa Kadee, zile za Kimarekani, chomeka kijiti cha mishkaki kati ya ndoano mbili na ukizungushe kidogo. Ndoano za mabehewa ya Uingereza zinainuliwa kwa kipande cha waya kilichokunjwa ncha. Mabehewa mepesi yaongezee uzito, nati ya chuma ndani ya behewa inatosha, la sivyo yataruka reli yakisukumwa matano kwa pamoja.

Anza na mabehewa 5 tu na uchote karata 3, njia zako zikiwa zilezile. Ukishazoea, weka yote 8. Mkiwa wawili, mmoja ashike kidhibiti na mwingine pointi na kijiti, na anayeshika pointi ndiye anayetoa amri. Watoto wanaipenda kazi ya pointi kuliko ya kuendesha.

Kila baada ya siku chache za kutotumika, futa uso wa reli kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi. Msasa usiuguse, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu maradufu. Magurudumu ya kichwa nayo: laza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, kalisha magurudumu ya nyuma kwenye reli na ya mbele kwenye kitambaa, washa, uyaache yajisugue, kisha geuza. Usiku funika rafu kwa kanga ya zamani. Kama baada ya hayo yote kuna sehemu treni inasita, chukua mita na upime volti kati ya reli mbili pale inaposita na pale inapokwenda vizuri, treni ikiwa imeshikwa mkononi magurudumu yakizunguka juu ya reli. Tofauti ikizidi nusu volti, nenda chini ya ubao moja kwa moja kwenye waya wa kipande hicho; ama skrubu ya konekta imelegea, ama risasi ilikaa kama shanga.